Mhitimu Wetu Ataweza Kufanya Nini?

Leo nawaletea habari ya karatasi moja ambayo wengi wenu hamjawahi kuitia machoni, ingawa inahusu watoto wenu, ada mnazolipa na kazi mnazowaombea wakimaliza masomo. Karatasi hiyo huandikwa chuo kikuu kabla programu ya shahada haijaanza kufundishwa. Ndani yake panaorodheshwa mambo ambayo mwanafunzi atakuwa anaweza kuyafanya siku atakayohitimu. Sisi wa vyuoni tunayaita matokeo ya kujifunza.

Narudia, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Orodha hiyo haitaji mada atakazofundishwa mwanafunzi. Haitaji vitabu atakavyosoma, wala nia njema za walimu wake. Inataja atakachoweza.

Tuanze mbali kidogo na chuo kikuu. Mzazi anampeleka kijana wake kwa fundi cherehani awe mwanagenzi. Anamuuliza: "Fundi, baada ya mwaka huyu mwanangu atakuwa anaweza nini?" Fundi hamjibu kwamba kijana atakuwa na uelewa mpana wa vitambaa. Anamwambia: atampima mteja, atakata sare ya shule bila kuharibu kitambaa, atashona suruali yenye mifuko na zipu, na nguo ikirudishwa kwa kuwa imebana, ataifumua aitengeneze upya. Mzazi ameelewa. Na mwaka ukiisha, njia ya kuhakiki anaijua: anapeleka kitambaa chake mwenyewe.

Sasa niulize. Mzazi huyohuyo akienda chuo kikuu na swali lilelile, anajibiwa nini? Mara nyingi anatajiwa jina la shahada, idadi ya miaka, ada, na sifa za kujiunga. Akisisitiza sana, anapewa kijitabu chenye majina ya kozi. Kitu alichouliza, yaani mwanangu ataweza nini, kimeandikwa mahali fulani kwenye faili la idara, kwa Kiingereza kizito, na pengine mwanafunzi mwenyewe hajawahi kukisoma.

Swali hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere aliilaumu mitihani yetu kwa kupima zaidi kumbukumbu za mwanafunzi, huku fikra zake, tabia yake na moyo wake wa kuwatumikia wenzake vikiachwa nje ya karatasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kabla ya hapo, kilipoanza mwaka 1961, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Tulirithi namna ya kufundisha ambamo shahada ilijulikana kwa jina la chuo kilichoitoa. Jina lilitosha. Nani angemuuliza mhitimu wa London anaweza nini?

Siku hizi jina halitoshi. Wahitimu ni wengi, vyuo ni vingi, na mwajiri aliye Kampala, Nairobi au Bujumbura anapokea barua za maombi kutoka vyuo ambavyo hajawahi kuvisikia. Ndiyo maana Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa mwaka 2005, inataka kila programu inayoombewa ithibati iwe imeandikiwa matokeo yake ya kujifunza. Kenya nayo ina kamisheni yake inayodai vivyo hivyo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala, limekuwa likivisaidia vyuo vya nchi wanachama kuzungumza lugha moja kuhusu ubora. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wahandisi, wahasibu, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wa nchi zetu wana makubaliano ya kutambuana kitaaluma. Yote haya yanasimama juu ya jibu la swali la yule mzazi. Kama hatuwezi kusema mhandisi wetu anaweza nini, jirani atamtambua kwa lipi?

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe ya kuandika. Tuchukue mfano mmoja tukae nao. Nauchagua mfano wa shahada ya Kiswahili, kwanza kwa sababu naipenda, pili kwa sababu mahitaji yake yamebadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha rasmi ya kazi. Kila uamuzi wa namna hii unadai watu: wa kutafsiri sheria, wa kukalimani mikutanoni, wa kuhariri, wa kufundisha wageni. Watu hao watatoka wapi kama si katika shahada zetu za Kiswahili?

Tuseme basi wewe ni mhadhiri, umepewa kazi ya kuandika matokeo ya shahada hiyo. Unaandika hivi: mhitimu ataelewa nadharia za tafsiri na ukalimani.

Sentensi hiyo inapendeza. Haina kosa la sarufi. Lakini ngoja nikuulize: utajuaje kwamba ameelewa? Utamtazama usoni? Kuelewa kumo ndani ya kichwa chake, na ndani ya kichwa wewe huingii. Unachoweza kukiona ni kile anachokitenda kwa sababu ameelewa. Basi andika hicho. Andika: mhitimu ataweza kutafsiri hukumu ya mahakama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa istilahi zinazotumika nchini, na kueleza kwa maandishi kwa nini alichagua alivyochagua pale palipokuwa pagumu.

Msikilizaji, tazama sentensi hii ya pili inavyoleta kazi nyingine mpya. Kama mhitimu atatafsiri hukumu, basi lazima asome hukumu akiwa darasani, tena zaidi ya moja. Maktaba lazima iwe nazo. Mhadhiri wake lazima awe amewahi kuishika hukumu mkononi, au amwalike hakimu, wakili au mfasiri aje aeleze. Idara ya Kiswahili itabidi ibishe hodi Kitivo cha Sheria. Na ule mtihani wa zamani uliosema "Jadili nadharia tatu za tafsiri" hautoshi tena, kwa sababu mtu anaweza kuzijadili nadharia tatu, akapata alama nzuri, na asiweze kutafsiri hata notisi ya ubao wa matangazo. Sentensi moja tu, imepanga upya mwaka mzima wa masomo. Ndiyo maana nasema kazi ya kuandika matokeo ni kazi nzito, haifai kuachiwa mtu mmoja aimalize usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Hapa kuna wanaoingiwa na wasiwasi. Wananiambia: mwalimu, unataka kutufutia nadharia, unataka chuo kikuu kiwe chuo cha ufundi. Hapana. Sikiliza mfano wa fonolojia, yaani taaluma ya mfumo wa sauti za lugha, somo ambalo wanafunzi wengi huliona kavu. Mgeni anayejifunza Kiswahili anashindwa kutamka ng'ombe, anasema ngombe. Matokeo ya kujifunza yanaweza kuandikwa hivi: mhitimu ataweza kueleza kwa misingi ya fonolojia chanzo cha kosa la matamshi la mjifunzaji mgeni, na kumwandalia mazoezi ya kulirekebisha. Nadharia imetoka? Imebaki palepale, tena sasa ina kazi. Bila fonolojia, mwalimu huyo atabaki kumrudia mgeni wake "sema ng'ombe, sema ng'ombe" mpaka wote wachoke.

Na fasihi simulizi je? Badala ya kusema ataelewa dhima ya fasihi simulizi, sema ataweza kukusanya ngano au nyimbo za jamii moja kwa idhini ya wenyewe, kuzinakili kwa uaminifu, kufafanua mazingira ya utendaji, fanani na hadhira yake, na kuzihifadhi ili mtafiti mwingine azikute. Ona neno idhini limo humo. Maadili yameingia ndani ya kazi yenyewe. Mara nyingi huwa tunayasukuma mwisho wa orodha kwa sentensi ya "mhitimu atakuwa na maadili mema", sentensi ambayo hakuna anayejua ataipimaje. Maadili ya mtafiti yanaonekana pale anapoomba ruhusa ya bibi aliyemsimulia. Maadili ya mhasibu yanaonekana pale anapoona mgongano wa maslahi akauandika kwenye ripoti. Ya muuguzi yanaonekana anapofunga pazia kabla ya kumfunua mgonjwa. Andika hayo, na uyapime.

Tuko pamoja? Basi twende kwenye jambo la pili, matokeo ya programu nzima.

Kozi moja ina matokeo yake. Programu nzima nayo ina yake. Kuna idara zinazochukua matokeo ya kozi zote, kuyakusanya pamoja, na kusema hii ndiyo programu. Orodha inakuwa ndefu mno, hakuna anayeikumbuka, hata aliyeiandika. Rai yangu ni kwamba programu ya shahada ya kwanza yafaa iwe na matokeo yasiyozidi kumi, ambayo kila mhadhiri wa idara anaweza kuyataja ukimuamsha usingizini. Kisha chukueni karatasi kubwa. Upande wa kushoto pangeni matokeo hayo. Juu pangeni kozi zote, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu tieni alama kila mahali ambapo kozi inafundisha tokeo fulani, na alama nyingine pale inapolipima.

Karatasi hiyo ikijaa mtaona mambo ambayo hayakuonekana kwa miaka. Mtaona tokeo linalosema mhitimu ataweza kuzungumza kwa ufasaha mbele ya hadhira, na mbele yake hakuna hata kozi moja inayompa mwanafunzi dakika kumi za kusimama na kuzungumza. Mtaona uandishi wa kitaaluma umefundishwa muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, ukaachwa, ukaja kudaiwa ghafla kwenye utafiti wa mwaka wa tatu. Mtaona pia kozi ambayo haigusi tokeo lolote. Hapo ndipo kikao huwa kirefu, kwa sababu kozi hiyo ina mwenyewe, ameifundisha miaka mingi na anaipenda. Msimvunjie heshima. Muulizeni: mwanafunzi akitoka kwenye kozi yako anaweza nini ambacho hakukiweza? Akijibu vizuri, huenda orodha ya programu ndiyo iliyokuwa na pengo, na yeye ndiye aliyewafumbua macho.

Na saa zihesabiwe. Katika mfumo wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasani, maktaba, maabara na kusoma mwenyewe. Kozi ya krediti 10 ina saa 100 basi. Je, matokeo 16 yataenea ndani ya saa 100? Hayataenea. Afadhali manne yaliyoshikwa barabara.

Sasa nafika mahali ambapo moyo wangu upo zaidi, na ndipo nitakapokaa kidogo. Mtihani.

Wanafunzi wetu ni watu wenye akili. Wanajua kinachohesabiwa. Hawasomi orodha ya matokeo ya kujifunza, wanasoma mitihani iliyopita. Ukitaka kujua programu fulani inafundisha nini kwa kweli, acha faili la ithibati, nenda steshenari iliyo nje ya lango la chuo. Tazama madesa, yaani nukuu za masomo, yanayotolewa kopi. Tazama maswali ya miaka mitano iliyopita yaliyobanwa pamoja, na majibu yake pembeni. Hiyo ndiyo orodha ya kweli. Kama swali linajirudia kila mwaka kwa maneno yaleyale, mwanafunzi atakariri jibu, na ana haki ya kukariri, maana wewe mhadhiri ndiye uliyemwambia kwa mtihani wako kwamba kukariri ndiko kunakolipa.

Wengi tumesikia habari za Benjamin Bloom, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1956 yeye na wenzake walichapisha mpangilio wa ngazi za kufikiri. Mwaka 2001 wasomi Anderson na Krathwohl waliurekebisha, na leo tunazitaja ngazi hizo hivi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kuunda. Katika warsha za mitaala kila mshiriki hupewa karatasi yenye vitenzi vya Bloom, achague. Lakini jambo moja husahaulika. Bloom na wenzake walikuwa watu wa mitihani. Walikuwa watahini wa vyuo, wakitafuta namna ya kupanga maswali yao na kuazimana, ili wajue swali hili linapima kukumbuka na lile linapima kuchambua. Mpangilio ule ulizaliwa kwenye meza ya mtahini. Sisi tumeuchukua tukaupeleka kwenye mtaala na kuuacha huko, mtihani ukabaki kama ulivyokuwa. Ndiyo maana unakuta tokeo limeandikwa "kutathmini kwa kina", na swali la mtihani linasema "Taja sifa tano".

John Biggs, aliyefanya kazi miaka mingi Hong Kong, aliandika mwaka 1996 kwamba tokeo, ufundishaji na upimaji sharti vipatane. Tokeo likisema mwanafunzi atabuni, basi darasani abuni, na kwenye mtihani abuni. Ni jambo ambalo ukilisikia unasema kumbe, lipo wazi. Ila jaribu kulitimiza.

Na sitaki kuwafanya wahadhiri waonekane wavivu, kwa sababu najua hali zao. Mhadhiri ana darasa la mamia ya wanafunzi. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama mlangoni na madirishani. Unamwambia apime uwezo wa kila mmoja kutafsiri hukumu na kuitetea? Atasahihisha lini? Ndipo anaporudi kwenye "Taja" na "Eleza", kwa sababu majibu yake yanasahihishika. Tatizo hili ni la kweli, na mtu anayehubiri matokeo ya kujifunza bila kuligusa hajawahi kusahihisha marundo ya karatasi mwezi wa Julai.

Yapo mambo yanayowezekana hata katika darasa kubwa. Wape wanafunzi matini moja fupi siku ya mtihani, aya mbili tu ambazo hawajawahi kuziona, waambie wazitafsiri, waruhusu kamusi, na uwaulize sababu za maamuzi matatu waliyoyafanya. Desa halitawasaidia, na wewe unasahihisha ukurasa mmoja kwa kila mtu. Semina za vikundi vidogo zikiongozwa na wahadhiri wasaidizi zitumike kwa kazi ya vitendo, si kwa kurudia mhadhara. Kazi za vikundi zipimwe kwa kuuliza mwanakikundi mmoja, kwa kumteua palepale, atetee kazi ya wote. Na pale ambapo kweli haiwezekani, idara iseme wazi kwa seneti: tokeo hili hatuwezi kulipima kwa idadi hii ya wanafunzi na walimu tuliyonayo, tupunguzieni darasa au tuongezeeni watu. Orodha ya matokeo ikiandikwa kwa ukweli inakuwa hoja ya kudai nyenzo. Ikiandikwa kwa kupamba, inamnyima mhadhiri hoja hiyo, kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kinaonekana kizuri.

Kuna nafasi nyingine tunayoipoteza kila mwaka, mafunzo kwa vitendo, yale ambayo vijana wanayaita fildi. Mwanafunzi anakaa wiki kadhaa ofisini, hospitalini, shambani au shuleni. Msimamizi wake anapewa fomu: anawahi kazini, anavaa vizuri, anashirikiana na wenzake. Ni mambo mema. Lakini yako wapi matokeo ya programu kwenye fomu hiyo? Kama shahada ya ugani inaahidi kwamba mhitimu ataweza kuchunguza ugonjwa wa mahindi shambani na kumshauri mkulima kwa lugha anayoielewa, basi fomu imuulize msimamizi: je, umemwona akifanya hivyo? Tena ningependa mkulima naye aulizwe kama alielewa.

Ninajua wapo wasomi wanaoipinga njia hii yote, na hoja zao zinastahili heshima. Mwingereza Lawrence Stenhouse, mwaka 1975, alionya kwamba elimu ya kweli humfikisha mwanafunzi mahali ambapo mwalimu hakupatarajia, kwa hiyo huwezi kuandika mapema kila atakachokiweza. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi anayesoma tenzi za Mombasa au Lamu na kuona ndani yake jambo ambalo hakuna mhakiki aliyeliona kabla yake, huyo hakuandikwa kwenye mtaala wowote, na ndiye tunayemtamani kuliko wote. Acha nafasi kwa ajili yake. Usijaze orodha mpaka pumzi ikose pa kupita. Lakini onyo la Stenhouse halimpi ruhusa mtu kumtoa mhitimu wa tafsiri asiyeweza kutafsiri.

Afrika Kusini nako kuna funzo. Mwaka 1997 walizindua mtaala mpya wa shule uliojengwa juu ya matokeo, ukiitwa Curriculum 2005. Nia ilikuwa njema, kuzika elimu ya ubaguzi. Mwaka 2000 kamati ya mapitio iliyoongozwa na Profesa Linda Chisholm ilibainisha kwamba lugha ya mtaala ule ilikuwa ngumu, istilahi zilikuwa nyingi, na walimu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha. Walimu wa shule zenye vifaa haba ndio walioumia zaidi. Zile zilikuwa shule, sisi tunazungumzia vyuo, lakini ugonjwa ni uleule na nimeuona: warsha inakwisha watu wanajua istilahi za mitaala kuliko wanavyojua mhitimu wao atafanya nini.

Jingine limetukuta hivi karibuni, akili mnemba. Mwanafunzi leo anaweza kuipa simu yake swali, ikamwandikia insha nzima kabla chai haijapoa. Vilevile mhadhiri anaweza kuiambia kompyuta imwandikie matokeo ya kujifunza, ikamletea orodha yenye vitenzi vyote vya Bloom, imepangwa vizuri, haina kosa. Hiyo ya pili inanitia hofu kuliko ya kwanza. Orodha iliyoandikwa bila watu kubishana haina mtu anayeiamini. Thamani ya kazi hii imo katika ule ubishi wa idara: kuulizana, kukataana, kumwita mwajiri na mhitimu wa miaka mitatu iliyopita waseme walikwama wapi. Mhitimu huyo msimkose. Mwajiri atawaambia anachokitaka leo. Mhitimu atawaambia alichofundishwa akakitumia, alichofundishwa asikitumie, na alichokihitaji akajifunza mwenyewe kwa taabu.

Nafasi imepatikana. Mwaka 2021 Tanzania ilianza kutekeleza mradi wa HEET, wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na kuhuisha mitaala ni sehemu ya kazi zake. Majengo yameinuka katika kampasi nyingi, na mitaala mingi imefunguliwa upya. Nafasi kama hii haiji kila siku, na mkopo huo wanangu na wanenu watasaidia kuulipa.

Basi kwenu wahadhiri wenzangu ninalo ombi, na ni dogo. Kabla hamjaipeleka programu yenu kwenye kamati ya kitivo, chukueni mitihani ya mwaka jana ya kozi zote. Iwekeni mezani kando ya orodha ya matokeo. Someni tokeo moja, kisha tafuteni swali lililolipima. Msipolipata, ama andikeni swali hilo siku hiyohiyo, ama lifuteni tokeo. Halafu orodha iliyobaki itafsirini kwa Kiswahili chepesi, ibandikeni kwenye mbao za matangazo na mumpe kila mwanafunzi siku ya kwanza ya muhula.

Nanyi wanafunzi, siku hiyo ya kwanza nyosheni mkono kwa adabu muulize: mwalimu, tukimaliza kozi hii tutaweza nini, na utatupimaje? Wazazi, mkienda kwenye maonesho ya vyuo vikuu pale viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam au kwingineko, mkishaulizia ada na mabweni, msiondoke kabla hamjauliza swali la yule aliyempeleka kijana wake kwa fundi. Mkijibiwa kwa majina ya kozi, ulizeni tena.